Kidole Kidogo na Herufi A

Hotuba kwa makarani, wapiga chapa na vijana wa saiba, mjini Malindi

Assalaam aleikum, na wenye salamu nyingine, hamjambo nyote. Mwenyekiti, wazee wetu, kina mama, na nyinyi vijana mliojipanga huko nyuma karibu na mlango, ahsanteni kwa kuja. Nimepewa nusu saa, na joto la leo mnaliona wenyewe, kwa hivyo sitazunguka.

Wekeni mikono juu ya meza kana kwamba pana kibodi mbele yenu. Mliosomea taipureta mnajua pa kuanzia: kidole kidogo cha kushoto kwenye A, kidole cha shahada cha kulia kwenye J. Sasa chapeni neno nyumba, polepole, kwa vidole vilevile mlivyofundishwa. N ni kidole cha shahada cha kulia, kimeshuka mstari wa chini. Y ni hichohicho, kimeruka mpaka mstari wa juu. U ni hichohicho, kimesogea pembeni. M, bado ni yeye, amerudi chini. Herufi nne mfululizo zimebebwa na kidole kimoja, na wenzake watatu wamekaa kitako wanamtazama. Hapo ndipo B inapokuja kutoka mkono wa pili kumpa pumzi.

Jaribuni umuhimu. Herufi saba, sita ni za kidole hichohicho. Jaribuni humu. Zote nne. Halafu mtu ananijia jioni ananyoosha kidole, ananiambia, "Mwalimu, hiki kinaniuma, nadhani ni baridi." Baridi ya wapi, Malindi hii?

Hamieni mkono wa kushoto. Barua ya shule huanza na wazazi wapendwa. W ni kidole cha pete, sawa. Kisha A, Z, A, Z, mara nne papo kwa papo, vyote ni kidole kidogo, kile kilicho dhaifu kuliko vyote, kinapanda na kushuka kama kimetumwa na watu wawili wasioelewana. Na wazee wa baraza? Andikeni kifungu hicho chote, hamtaugusa mkono wa kulia isipokuwa kidole gumba kwa nafasi. Mkono mmoja unafanya kazi, mwingine uko mapumzikoni. Kinyume chake ni mkono, moyo, jino, ulimi, kiuno, ambayo yote ni ya kulia peke yake. Na riziki, mnajua inavyopatikana kwa taabu: mwishoni mwake I, K, I ni kidole cha kati cha kulia mara tatu bila kupumua.

Ninachotaka kuwaambia leo ni kwamba maumivu mengi ya mpiga chapa wa Kiswahili yana anwani. Si "mikono inachoka" kwa jumla. Yako kwenye za, kwenye ki, kwenye nyu na mu. Ukishajua anwani, unaweza kwenda.

Tuanze na aliyetuweka hapa. Mpangilio huu tunaouita QWERTY, kwa herufi sita za mwanzo za mstari wa juu, ulizaliwa Milwaukee, Marekani, mikononi mwa Christopher Latham Sholes na wenzake. Hataza yao ya mashine ilitoka 1868. Kampuni ya Remington, iliyojulikana kwa bunduki na cherehani, ikaanza kuuza mashine 1874. Ilichapa herufi kubwa tu. Herufi ndogo zilikuja 1878 pamoja na kitufe cha shifti.

Mmesikia kisa kwamba Sholes alizitawanya herufi makusudi ili mchapaji apunguze kasi, vyuma vya kupigia herufi visinasane. Kisa hicho husimuliwa kwa uhakika mwingi kuliko ushahidi wake. Vyuma vilinasana kweli, hilo halina ubishi. Lakini watafiti wa Japani, Koichi Yasuoka na Motoko Yasuoka, wanasema mpangilio uliundwa kidogo kidogo kwa kufuata matakwa ya watu wa telegrafu, ambao ni miongoni mwa waliotumia mashine hizo za mwanzo. Wabishane. Mimi kinachonikaa kichwani ni tarehe nyingine. Julai 1888, mjini Cincinnati, Frank McGurrin alishinda shindano la kuchapa bila kutazama vitufe, na habari zake zikaenea kama muujiza. Hiyo ni miaka kumi na minne baada ya mashine kuingia sokoni. Maana yake, aliyepanga herufi hakuwa na habari ya kidole kidogo. Watu walikuwa wakidonoa kwa vidole viwili vitatu. Sheria ya kidole gani kipige herufi gani ilikuja baadaye, juu ya mpangilio uliokwisha kukaa, na walioieneza walikuwa wakichapa Kiingereza.

Kiingereza hakina za nyingi. Nyu hukutana nayo kwa nadra. Herufi inayotawala kwao ni E. Kwetu ni A, na inatawala kikwelikweli: kama herufi moja katika kila tano. Chukueni methali yetu ya haraka haraka haina baraka. Ina herufi ishirini na tatu. A ni kumi na moja. Najua nimechagua mfano unaonipendelea, lakini fungueni gazeti lolote la Kiswahili mhesabu mstari, mtaona hali si tofauti sana. Mzigo wote huo umewekwa kwenye kidole kidogo cha kushoto, huku kidole kidogo cha kulia kikitandikiwa nukta-mkato, alama ambayo karani anaweza kukaa wiki asiiguse. Mashua iliyopakiwa hivyo hakuna nahodha angekubali kuitoa bandarini.

Nendeni saiba yoyote hapa mjini mkatazame kitufe cha A. Rangi ya herufi imeliwa, pamebaki plastiki inayong'aa. Q na X ziko kama zilivyotoka dukani, na zimekaa mahali pazuri tu, jirani kabisa na vidole. Kuna jambo jingine la pwani. Chumvi ya hewani na vumbi huingia chini ya vitufe, vikawa vizito. Kitufe kizito chini ya kidole cha shahada ni kero. Chini ya kidole kidogo, kikiwa ndicho A, ni ugonjwa. Ng'oeni kitufe, pitisheni pamba yenye spiriti, rudisheni. Kikiwa bado kizito, nunueni kibodi mpya. Kibodi ya kawaida ya waya ni rahisi kuliko safari chache za hospitali.

Haki lazima isemwe. Kwa upande mmoja QWERTY inatufaa kuliko inavyowafaa Waingereza wenyewe. Mstari wa kati, ule vidole vinapopumzika, una A, S, D, H, K, L. Kwa sababu ya A zetu nyingi, Kiswahili hukaa mstari huo zaidi ya Kiingereza. Vidole vyetu havirukiruki sana. Shida yetu ni mgawo, si umbali.

Sasa, vijana wameshanisoma, nawaona. Mnataka kusema: mwalimu, kuna mipangilio mingine, kuna Dvorak, kuna Colemak, tubadilishe.

August Dvorak alikuwa profesa wa elimu, Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle. Yeye na shemeji yake William Dealey walipata hataza ya mpangilio wao 1936. Aliweka irabu zote tano mstari wa kati mkono wa kushoto, A, O, E, U, I, na konsonanti nyingi za Kiingereza upande wa kulia, ili mikono ipokezane. Inayotajwa sana ni kwamba kwa Kiingereza karibu asilimia 70 ya mapigo hubaki mstari wa kati, na kwa QWERTY ni asilimia 32 hivi. Kuhusu kasi, jeshi la majini la Marekani lilifanya jaribio wakati wa Vita vya Pili, likatoa sifa kubwa, lakini Dvorak mwenyewe alikuwa ndani ya mambo hayo. Mwaka 1956 Earle Strong akafanya jaribio lake kwa ajili ya serikali ya Marekani, hakuona faida ya kuwafundisha upya wachapaji waliokwisha kuzoea. Wachumi nao wakaingia, Paul David 1985 akitumia QWERTY kama mfano wa soko lililonasa kwenye chaguo baya, Liebowitz na Margolis 1990 wakimpinga. Ugomvi wote huo ni wa Kiingereza. Hakuna aliyeuliza habari za Kiswahili.

Ukiitazama kwa jicho letu, Dvorak inavutia mwanzoni. Silabi zetu nyingi ni konsonanti na irabu, konsonanti na irabu. Baraza kwenye Dvorak ni kulia, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kushoto, kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja. Raha tupu. Kisha andika kikapu. K iko kushoto, kidole cha shahada, mstari wa chini. I ni kidole hichohicho. P hichohicho. U hichohicho. Neno lote limebaki mkono wa kushoto, na herufi tano kati ya sita ni kidole kimoja. Kwa Mwingereza K si kitu, ndiyo maana Dvorak aliitupa pale. Kwetu sisi, toa ki na ku, Kiswahili kimebaki na nini?

Colemak ilitoka 2006, kazi ya Shai Coleman. Hiyo nyumba inaenda vizuri ajabu, na ki imeachanishwa. Lakini M, K, L, N, H na J zote zimeangukia kidole cha shahada cha kulia. Jaribuni mkono, mlango, mnazi, mhudumu, mjomba. Kila neno linaanza kwa kidole kuruka juu ya nafsi yake.

Na katika yote matatu, QWERTY, Dvorak na Colemak, A iko wapi? Palepale. Kidole kidogo cha kushoto. Hakuna hata mmoja aliyeihamisha.

Hapa Malindi tuna bahati ya kuyaona mambo haya bila kusafiri, maana laptopu nyingi za mitumba zimekuja na wageni. Mwenye mashine ya Mwitaliano anajua: herufi ziko mahali pake, lakini alama ya mkato wa juu, ile ya ng'ombe, imepandishwa mstari wa tarakimu, kando ya sifuri. Ukiandika habari za ng'ombe na ng'ambo siku nzima, kidole kidogo cha kulia kinapanda ngazi. Mwenye mashine ya Mjerumani atakuta Z na Y zimebadilishana. Kwa dakika mbili atafurahi, kwa sababu za imeacha kumtesa, Z imehamia mkono wa kulia. Dakika ya tatu atagundua kwamba ya ndiyo iliyoingia kwenye kidole kidogo, na ya kwetu ni nyingi kama mchanga. Ndugu zetu wa Goma na Lubumbashi wanaotumia mpangilio wa Kifaransa wao A wameinyanyua hadi mstari wa juu wa herufi. Sijui, tuwape pole au heshima.

Basi tufanye nini? Wengi wenu mnakaa kwenye mashine za watu. Leo ofisini, kesho saiba, keshokutwa kwa wakili karibu na mahakama. Huwezi kufika mahali ukamwambia bosi ngoja kwanza nihamishe herufi. Kwa hivyo ushauri wangu kwa mpiga chapa wa kawaida ni huu: liache QWERTY lilivyo, badilisha vidole. Sheria za kitabu cha taipureta si aya. Zimetungwa kwa lugha nyingine, na pale zinapokuumiza una ruhusa ya kuzivunja.

Tuanze na za. Itazameni kibodi vizuri. Z haiko chini ya A moja kwa moja; mistari imepindana, urithi wa zile fito za chuma za taipureta zilizohitaji kupishana. Z iko chini, baina ya A na S. Kidole cha pete kinaifikia bila kujinyoosha. Kwa hivyo Z ipigwe na cha pete, A ibaki ya kidole kidogo. Wazazi inakuwa vidole viwili vinavyopokezana badala ya kimoja kinachogombana na chenyewe. Wiki ya kwanza utakosea sana, utaandika X pasipo na X. Ya pili mkono utashika.

Ki: sogeza kidole cha shahada kipige K, cha kati kipande I. Ni kusogea upana wa kitufe kimoja tu, na kifundo cha mkono hakipindi. Riziki itateleza. Lo, kama ile ya lolote, nayo ni kidole cha pete mara mbili. Dawa ni ileile, L ipigwe na cha kati.

Nyu ni ngumu kidogo. N kwa cha shahada, Y kwa cha shahada, lakini U mpe kidole cha kati. Kinapopiga U, cha shahada kinakuwa kishaanza kushuka kwenda kwa M. Hapo ndipo mtu anaposikia tofauti, si kwenye kasi, ni kwenye ile kamba iliyo nyuma ya kiganja inayolalamika saa kumi jioni. Umuhimu na muhimu, vivyo hivyo, kila U ni ya kidole cha kati, na I ikabaki ya hichohicho.

Wanaofundisha, nawaomba muache kuwapa wanafunzi mazoezi ya sentensi za Kiingereza kuhusu mbweha na mbwa, zilizotungwa ili kila herufi itokee, Q na X zikiwemo. Mwanafunzi atakayeandika viapo, barua za chifu na matangazo ya mazishi ana haja gani ya X? Mpeni nyumbani, mwanamume, kikiuka, zawadi, lolote, mjumbe. Mpeni ng'ambo mara ishirini.

Meza nitaipitia haraka, ingawa madaktari wa viungo wangenitaka nianzie hapo. Meza nyingi tunazotumia ni za kulia chakula na kiti ni cha plastiki, kwa hivyo kibodi iko juu mno, viwiko vinaning'inia, vifundo vinapinda kuelekea juu. Inua kiti kwa mto mpaka kiwiko kiwe usawa wa vitufe. Miguu ikikosa sakafu, weka ubao. Ile miguu midogo ya nyuma ya kibodi ambayo kila mtu huisimamisha, ikunje. Ikisimama, kifundo kinapinda zaidi. Usichimbie kiganja kwenye ukingo wa meza. Na kama hufanyi kazi za hesabu, tafuta kibodi isiyo na sehemu ya tarakimu upande wa kulia, ili kipanya kisikae mbali na bega. Laptopu peke yake siku nzima ni adhabu: ukiishusha kwa ajili ya mikono, shingo inainama, ukiinyanyua kwa ajili ya shingo, mikono inapanda. Chomeka kibodi ya nje, laptopu iweke juu ya vitabu.

Ganzi ya usiku kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, hiyo si ya kubadilisha vidole. Nenda ukaonwe na daktari mapema, mshipa wa fahamu unapobanwa kwenye kifundo haupendi kusubiri.

Kwa wale wenye mashine zao wenyewe, mnaoandika Kiswahili saa zote na mna subira, sisemi msijaribu kubadili. Dvorak imo tayari ndani ya Windows, Mac na Linux, hulipi kitu, unaichagua tu kwenye mipangilio. Lakini mimi ningewashauri jambo lenye tija zaidi. Microsoft wana programu ya bure ya kutengeneza mpangilio wako mwenyewe kwenye Windows. Hakuna linalotuzuia kukaa chini tukaupanga wa Kiswahili: A ihamie kidole chenye nguvu, K na I zitengane, M isikae kidole kimoja na zile konsonanti inazozitangulia, Q na X ziende pembezoni huko zikapumzike. Vijana watatu wenye kujua hesabu na mpiga chapa mmoja mkongwe wa kuwakatalia wanatosha kuanza.

Kwa hiyo mwenye kurasa za kazi alizochapa mwenyewe, barua, matangazo, chochote kisicho siri ya mteja, na azilete. Tunahitaji Kiswahili kinachochapwa hapa kila siku, tuzihesabu herufi na jozi zake. Mwenyekiti amekubali kuziweka mezani kwake mpaka Ijumaa.

Haya, maswali. Naona mkono wa mama aliye karibu na dirisha, kisha yule kijana wa mlangoni.